Nguvu na Mwongozaji Wake: Swali la Sababu Ndani ya Redio

Miongoni mwa maswali ya kale ya falsafa ni lile linalouliza ni nani anayestahili kuitwa mtendaji pale ambapo tendo moja limepitia mikononi mwa wengi: aliyetoa nguvu, aliyeipunguza, au aliyeamua ipite lini na kwa kiasi gani. Kwa kawaida swali hilo hujadiliwa kwa kutaja watu na Mungu, lakini redio ndogo ya betri iliyofunguliwa mezani kwa fundi, iwe Ngonga au penginepo wilayani Kyela, hulionyesha waziwazi zaidi, kwa kuwa ndani yake kazi hizo zimegawanywa kwa vipande vinavyoonekana kwa macho na kuchomelewa kwa risasi juu ya bodi moja.

Kilicho rahisi kuliko vyote ni rezista, kipande chembamba chenye mistari ya rangi inayotaja ukinzani wake. Kahawia, nyeusi na nyekundu humaanisha omu 1,000, na mstari wa dhahabu unaofuata huruhusu tofauti ya asilimia 5. Rezista hupunguza mkondo unaotoka upande wowote, na nishati inayopotea humo hugeuka joto. Kapasita, ambayo kimsingi ni mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme, huweka chaji na kuirudisha baadaye, wala hairudishi zaidi ya ilichopewa. Daiodi hupitisha mkondo upande mmoja tu, na ile ya silikoni hudai takriban volti 0.7 kabla ya kufungua njia. Vipande hivi vitatu havisumbui sana fikra, kwani kila kimoja hufuata tabia yake bila kuamriwa na kingine.

Transista ndiyo yenye utata. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani na John Bardeen na Walter Brattain, ambao pamoja na William Shockley walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Ina miguu mitatu, yaani besi, kolekta na emita, na mkondo mdogo unaoingia kwenye besi huongoza mkondo mkubwa unaopita kati ya kolekta na emita, ambao katika transista ndogo za kawaida unaweza kuwa mara 100 ya ule mdogo au hata zaidi. Husemwa kwamba transista hukuza sauti, na usemi huo si uongo, ila unaficha jambo kubwa: transista haizalishi nishati hata chembe. Nishati yote inayotikisa spika hutoka kwenye betri, ambayo haina habari yoyote ya kutoa, ilhali habari yenyewe huja na ishara dhaifu ya antena, ambayo peke yake isingeweza kutikisa chochote.

Juu ya nguvu yenyewe, Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyeishi na Waluba wa Katanga, aliandika mwaka 1945 kwamba katika fikra za Kibantu kuwako ni kuwa na nguvu, na viumbe hupangwa daraja kwa wingi au uchache wa nguvu hiyo. Kwa kipimo hicho betri ingekuwa bwana wa redio nzima, na besi ingekuwa mtumwa wa watumwa, jambo ambalo fundi yeyote angelicheka. Wanyakyusa wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, huko Kyela, kama walivyoelezwa na mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti kati yao katika miaka ya 1930, walikuwa na fikra makini zaidi kuliko nadharia ya padri huyo. Waliamini kwamba wachawi na walinzi wa kijiji walipata uwezo kutoka chanzo kimoja, yaani chatu waliosemekana kukaa tumboni, na kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mkosaji, yaliyoitwa pumzi ya watu, yaliweza kumletea maradhi. Kilichomtofautisha mlinzi na mchawi hakikuwa wingi wa nguvu, bali iwapo ilitumika kwa haki au kwa choyo. Mtu anaweza kuikataa imani yenyewe, kama wachungaji wengi walivyoikataa, na bado akakiri kwamba swali liliulizwa mahali panapofaa.

Hata hivyo uongozi nao haumalizi suala la lawama. Rezista ikionekana imeungua, fundi mgeni huibadilisha na kuwasha redio, na ya pili huungua vilevile, kwa sababu kosa liko kwenye transista iliyopata shoti kati ya kolekta na emita, ambayo haizuii tena kitu na kwa nje mara nyingi haina hata alama. Mzoefu hutangulia kupima kwa mita, akichunguza pia miguu ya vipande, kwani katika unyevu wa bonde la Kyela shaba hushika kutu ya kijani. Lakini transista iliyokufa haikujiua. Pengine mwenye redio alipachika betri kinyume, na umeme ukaingia pasipo pake. Kosa la namna hiyo ni la kawaida kiasi kwamba baadhi ya watengenezaji huweka daiodi moja penye mlango wa betri, nayo, bila kuuliza nani amekosea, hukataa kupitisha mkondo.