Neno "Ndorobo" Liacheni

Wajukuu zangu mnaouza mitumba hapa Kiboriloni, nina neno nanyi. Juzi kijana mmoja kafungua robota la masweta, kayamwaga juu ya turubai. Mteja akawa anageuzageuza moja bila kutaja bei. Kijana akamwambia mwenzake kwa sauti, "Achana naye, ndorobo huyo." Wakacheka. Yule bwana akaliweka sweta chini, akaenda zake.

Hivi mnajua mnachokisema? Neno hilo limetoka kwa Wamaasai, waliowaita *iltorobo* watu wasio na ng'ombe, walioishi kwa kuwinda na kurina asali. Machoni pa mfugaji, asiye na ng'ombe ni fukara, na dharau hiyo imo ndani ya jina. Wakoloni wakalichukua kama walivyolisikia, wakaliandika kwenye mafaili yao, na jamii zenye lugha na mila mbalimbali zikatiwa kapu moja. Kumbe wenyewe wana majina yao: kule Kiteto, mkoani Manyara, wapo Waakie, Kenya wapo Waogiek.

Dharau hiyo iliwagharimu ardhi. Tume ya Ardhi ya Kenya, katika ripoti yake ya 1934, ilipendekeza "Wandorobo" wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine, utadhani hawakuwa na kwao. Waogiek wa msitu wa Mau wakafukuzwa tena na tena, mpaka tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha kwa jirani zetu, ilipoamua kwamba serikali ya Kenya imevunja haki zao.

Nasi Wachagga tusijitape. Mmisionari Rebmann alipofika huku 1848, babu zetu walikuwa Wamachame, Wakibosho, Wamarangu, Wamoshi, kila kundi na mangi wake, yaani chifu, na walipigana vita vikali. Uchagga wa pamoja ulikuja baadaye, tukaupokea kwa hiari, ndiyo maana leo tunautamka kwa fahari. Waakie hawakupewa nafasi hiyo.

Na majumbani mwetu bado lipo "chasaka", yaani mtu wa porini, analoitwa kila asiye Mchagga. Binti akileta mchumba Mpare, utalisikia likinong'onwa jikoni, mgeni angali sebuleni. Wazee wenzangu, hilo tulizike sisi kwanza, maana vijana wanajifunza kwetu.

Nanyi vijana, ukitaka kujua mteja wako ni wa kabila gani, msalimie kwa heshima, umuulize. Jina atakalokutajia ndilo utakalomwitia.