Nani Amelipia Kitanda Hiki?

Mwezi wa Julai, katika mji mdogo wa Laughlin, kusini kabisa mwa jimbo la Nevada, Marekani, chumba cha hoteli kwa siku za katikati ya wiki huuzwa kwa bei ambayo mtu anayeishi kwa posho ya masomo huisoma mara mbili. Ni chumba kamili: kitanda kipana, bafu, kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha na dirisha linalotazama Mto Colorado. Kwa pesa hizo, huku Phoenix tunakoishi mimi na mume wangu, tungekula chakula cha jioni watu wawili, tena bila kinywaji. Ni wazi kwamba bei hiyo haitoshi kulipia chumba chenyewe. Kuna mtu mwingine amelipia kiasi kilichobaki. Swali langu ni hili: anayelala kwenye kitanda hicho bila kucheza kamari hata mara moja, ana deni lolote kwa mtu huyo?

Tulikwenda huko kiangazi kilichopita kwa siku tatu, kuadhimisha mwaka mmoja wa ndoa. Ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari, jangwa upande huu na jangwa upande ule. Hatukuwa na hamu ya kamari. Tulitaka mto, baridi na usingizi, na Laughlin ndipo mahali pekee ambapo pesa yetu ilifika.

Mji wenyewe ni mtoto wa kamari. Nevada iliihalalisha mwaka 1931, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, ikiwa jimbo la jangwa lenye watu wachache na vyanzo vichache vya mapato. Mwaka 1964 mfanyabiashara Don Laughlin alinunua moteli ya vyumba vinane kando ya mto, mkabala na Arizona, na leo jina lake ndilo jina la mji. Hesabu ya hoteli za namna hii haijifichi. Chumba ni chambo. Kutoka mapokezi hadi kwenye lifti unapita katikati ya ukumbi wa mashine, na ukitoka kwenye lifti kwenda kula unapita humo tena. Kiangazi, wasafiri wengi wanapokwepa jangwa, chambo huongezwa: bei hushuka ili ukumbi usibaki mtupu. Na joto la huko si la mzaha. Tarehe 29 Juni 1994 Laughlin ilifikia nyuzi 51.7 za Selsiasi, kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa Nevada.

Mume wangu alikuwa na jibu la swali langu kabla hatujafika. Yeye ni mtu wa Mwanza, na mdogo wake wa mwisho yuko chuo Dodoma. Mwanzoni mwa mwaka ule tulikuwa tumemtumia kodi ya chumba ya miezi sita, kama wenye nyumba wa kwetu wanavyotaka, na kodi yote ikaishia kwenye kubeti. Aliponipigia simu, sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji, nilikuwa nimebakiza timu moja tu," alisema. "Moja tu, mkeka ukachanika dakika za mwisho." Mume wangu hakumlaumu sana mdogo wake. Aliwachukia wenye biashara. Kwa hiyo tulipoona bei ya Laughlin alisema, nusu kwa utani: "Wametula nyumbani, acha na sisi tukawalie kwao. Tutalala, tutaoga, tutakula baridi yao, na senti yetu haitaingia kwenye mashine."

Ni hoja inayovutia, na nimeisikia kwa namna nyingi kutoka kwa watu wasio na mdogo aliyechaniwa mkeka. Asiyecheza ndiye mjanja. Anainyonya kampuni inayonyonya wengine. Ukiitazama haraka, inafanana na haki.

Lakini tufuate pesa. Kasino haichimbi dhahabu. Kila dola inayopunguza bei ya chumba changu imetoka kwenye mfuko wa mtu aliyeketi ukumbini. Ninapokula punguzo hilo sijamnyang'anya tajiri kitu, kwa sababu tajiri ameshatoa fungu lake. Mimi nimo kwenye hesabu zake. Anajua kwamba kati ya wanandoa mia wanaokuja kwa ajili ya mto, baadhi watakaa kwenye mashine kwa dakika kumi, na dakika kumi zitazaa saa tatu. Wengine, kama sisi, tunamfaa hivyo hivyo tulivyo: tunajaza mgahawa, tunacheka kwenye korido, tunafanya jengo lifanane na mahali pa mapumziko. Hasara iliyolipia mashuka yetu haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya mdogo wa mtu.

Hapo wengi watasema: mdogo wa mtu huyo ni mtu mzima. Nevada hairuhusu aliye chini ya miaka 21 kucheza. Hakuna aliyelazimishwa. Kama alikubali kupoteza, alichopoteza si chake tena, na mimi sidaiwi.

Hoja ya ridhaa naiheshimu, na kuna michezo inayoistahili. Chukua ruleti ya Kimarekani. Gurudumu lina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukipatia namba moja unalipwa 35 kwa 1. Weka dola moja kwenye kila kishimo: umetoa 38, utarudishiwa 36. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuona nani atashinda mwisho wa siku. Anayecheza ruleti ananunua msisimko kwa bei iliyoandikwa mezani.

Sasa tazama mashine, ndugu wa zile ambazo mtaani kwetu ziliitwa dubwi. Sheria za Nevada zinataka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya kinachowekwa, lakini kiwango halisi cha mashine iliyo mbele yako hakiandikwi juu yake, na mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kuwa na viwango tofauti. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha mwaka 2012, Addiction by Design, kilichotokana na utafiti wa miaka mingi Las Vegas, anaeleza wachezaji ambao hawachezi tena ili washinde. Wanacheza ili wabaki ndani ya hali fulani ya kujisahau, ambamo muda, mwili na madeni hupotea. Kiti, mwanga, sauti na kasi ya mchezo vimebuniwa ili hali hiyo isikatike. Hata kukosa kidogo, picha mbili zikilingana na ya tatu ikasimama hatua moja pembeni, humfanya mtu aendelee badala ya kukata tamaa. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shemeji yangu. Timu moja tu.

Ridhaa ina nguvu pale mtu anapoweza kusema hapana. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya mapato hutoka kwa wale ambao uwezo huo umepungua zaidi. Mwaka 2010 Tume ya Tija ya Australia ilikadiria kwamba kama asilimia 40 ya pesa zinazotumika kwenye mashine za kamari nchini humo hutoka kwa watu ambao kamari imeshakuwa tatizo kwao. Australia si Nevada, lakini mashine ni za ukoo mmoja. Kama makadirio hayo yanakaribia ukweli, basi siwezi kusema nililala kwa hiari ya watu huru. Sehemu ya kitanda changu ililipiwa na ugonjwa.

Je, basi mtu ajitoe kabisa? Hapa naona ugumu wa upande wa pili. Nevada haitozi kodi ya jimbo kwenye mishahara, na hazina yake hujazwa kwa sehemu na kodi ya kamari. Mwalimu wa Laughlin ambaye hajawahi kushika karata naye analala kwenye kitanda kile, kwa namna yake. Kwetu makampuni ya kubeti yamewahi kudhamini jezi za Simba na Yanga, na shabiki mswalihina anayeiita kamari haramu amelipukwa na furaha goli lilipoingia. Michezo tunayocheza bure kwenye simu hulipiwa na wachache wanaoshindwa kujizuia kununua. Anayetaka mikono isiyo na doa atalazimika kuhama dunia. Kwa hiyo sidhani swali la maana ni kama mikono yangu ni safi. Swali ni mgeni anadaiwa nini.

Asubuhi ya pili tulishuka saa kumi na moja alfajiri ili tutembee kando ya mto kabla jua halijawa kali. Ukumbini palikuwa na watu wachache. Mmoja alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu, kadi yake ya mchezaji imechomekwa kwenye mashine, na kamba ya plastiki iliyojisokota ikitoka kwenye kadi hadi kwenye blauzi yake. Kanuni isiyoandikwa ya ukumbi ule ni kupita bila kutazamana. Mume wangu, ambaye malezi ya Mwanza hayajamtoka, hawezi kumpita mtu wa umri wa bibi yake bila salamu. Akamsalimu. Bibi akageuka kwa mshangao, akajibu, akatuuliza tunatoka wapi. Yeye anaishi ng'ambo ya mto, upande wa Arizona, peke yake. Chumba hupewa bure kwa sababu ya pointi zake. "Nyumbani kiyoyozi kinakula pesa nisiyo nayo," alisema. "Hapa kuna baridi, na wasichana wa kahawa wananijua kwa jina." Mkono wake haukuacha kubonyeza.

Nimemfikiria sana bibi yule, kwa sababu anaharibu hadithi nyepesi. Kiyoyozi katika jangwa hili si anasa. Mwaka 2023 wilaya ya Maricopa, ambayo Phoenix imo ndani yake, iliandikisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Baridi ni uhai, na kujulikana kwa jina si jambo dogo. Alikuwa akinunua vitu viwili ambavyo binadamu yeyote anavihitaji, na duka lililokuwa wazi lilikuwa moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nikiielewa methali hii kama onyo kwa mgeni mvivu. Siku hizi naona heshima ndani yake: anayekupa jembe amekuhesabu kuwa wa nyumbani, mtakayelima na kula pamoja. Ukumbi ule haukupi jembe kamwe. Siku ya tatu unakupa mchezo wa bure.

Basi nadhani deni lipo, na lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Nikila kilicholipiwa na mwingine, nisiseme nimekula bure, wala nisiiite bahati. Neno "bure" humfuta mlipaji, na akishafutwa hakuna atakayeuliza kwa nini bibi yule hana mahali pengine pa kupoa.

Ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni kuacha dharau. Sisi tusiocheza tuna kiburi chetu: tunapita kati ya mashine tukiwaona waliokaa pale kuwa wajinga na sisi kuwa werevu. Katika familia yetu neno "mjinga" lilitumika sana ile miezi ya kodi ya Dodoma. Lakini mtu hawezi kulalia hasara ya mwenzake na papo hapo kumdharau kwa kuipata. Werevu wangu ulikuwa na bei nafuu kwa sababu yeye alikuwa ameilipa. Nilimwambia mume wangu hivyo tukiwa njiani kurudi. Alinyamaza kwa kilomita nyingi, kisha akasema, "Basi dogo naye amemlaza mtu mahali." Wiki ile alimpigia simu, wakaongea kirefu, na kwa mara ya kwanza alimuuliza ilikuwaje, badala ya kumuuliza alikuwa anafikiria nini.

Mwezi huu tumepata barua pepe kutoka hoteli ileile: usiku mbili bila malipo, mwisho wa Agosti. Tumezipiga hesabu mezani kama wanafunzi wanavyopiga hesabu. Flagstaff, mji ulioko milimani kwenye mwinuko wa mita 2,100 hivi, ni baridi, na nusu ya Phoenix hukimbilia huko Julai, kwa hiyo bei zake hazina huruma. Pesa yetu inatosha usiku mmoja. Sitadai kwamba Flagstaff ni patakatifu; kuna wanaosafisha vyumba huko pia, na sijui wanalipwaje. Ila bei itakayoandikwa kwenye risiti tutailipa wenyewe, au karibu yote. Mume wangu ameomba tubebe nguo nzito, kwa sababu anasema amesahau baridi ya kweli ikoje. Tunakwenda Ijumaa.