Mtoto wa Nyoka

Katika kikao kimoja cha kuchagua kiongozi wa vijana, jina la kijana fulani lilitajwa. Mzee mmoja akainua mkono: «Huyu hapana. Baba yake alikuwa mtu wa siasa na ugomvi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.» Tukacheka, tukapitisha jina jingine. Mimi katekista nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Njiani nilikumbuka kwamba wazee hao hao hutuambia: samaki mkunje angali mbichi. Mithali hizi mbili zagombana. Ya kwanza yasema mtu huzaliwa alivyo. Ya pili yasema hufanywa na malezi.

Wataalamu nao wameliuliza swali hili, kwa njia ya mapacha. Mapacha wa yai moja hulingana karibu kabisa katika urithi wa damu. Wa mayai mawili hulingana kama ndugu wengine wa tumbo moja. Wote hulelewa nyumba moja. Basi, ikiwa wale wa kwanza wafanana zaidi katika jambo fulani, yafaa kudhani kwamba urithi una sehemu yake. Mwaka 2008 James Fowler na wenzake waliwachunguza mapacha wa Los Angeles, Marekani, wakakadiria kwamba zaidi ya nusu ya tofauti kati ya wapigao kura na wasiopiga yatokana na urithi. Mzee wetu angefurahi. Lakini mwaka 2009 Peter Hatemi na wenzake walitazama mawazo ya siasa ya watoto wa miaka 9 hadi 17, na hapo hawakuona nguvu ya damu. Waliona nguvu ya nyumba. Damu ilianza kuonekana karibu na miaka 20, wakati kijana anapowaacha wazazi.

Tena kipimo hicho chahusu tofauti za watu wengi wa mahali pamoja. Hakimhukumu Petro wala Yosefu peke yake. Mkulima ataelewa. Ukipanda mbegu mbalimbali za mahindi katika shamba moja lenye udongo sawa, tofauti za urefu zatoka kwa mbegu. Lakini shamba la jirani likikosa mvua, usiilaumu mbegu.

Nasi tumeliona shamba lililokosa mvua. Tarehe 30 Desemba 2018 Kongo ilichagua Rais, lakini huko Beni, Butembo na Yumbi uchaguzi ulikuwa umeahirishwa mpaka Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Raia zaidi ya milioni moja wakakosa kura ya Rais. Mtu akisoma hesabu za mwaka ule bila kujua habari, angeandika kwamba vijana wa Beni hawana moyo wa siasa. Kumbe siku ileile watu wa Beni walijipangia kura yao wenyewe, wakasimama mstari, wakachagua, ingawa walijua haitahesabiwa.

Mtakatifu Augustino naye alitumia mapacha, katika kitabu chake cha Mji wa Mungu. Wanajimu wa wakati wake walisema nyota ya kuzaliwa ndiyo imwongozayo mtu. Akawaonyesha Esau na Yakobo: tumbo moja, saa moja, na maisha mbalimbali kabisa. Kanisa halikani kwamba mtu aweza kurithi hasira au upole. Padri aungamishaye ajua kwamba wanadamu hawabebi mzigo uleule. Lakini wanajimu wale na mzee wetu wanafanana kwa jambo moja: wamwondolea kijana kazi ya kuchagua, na watuondolea sisi kazi ya kumlea. Nadhani hili la pili ndilo lililotuchekesha.

Na tuseme kweli amerithi kitu kwa baba yake. Labda ni kule kushindwa kunyamaza aonapo jambo baya. Moto upikao ugali ndio uunguzao nyumba. Hutegemea nani ameuwasha, na wapi.

Kijana yule bado huja Misa ya kwanza. Hukaa nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia kwa nini jina lake liliachwa. Kikao kingine kitakuwa baada ya Pasaka, nami nimekwisha kumwomba Padri ruhusa ya kusema wa kwanza.