Abiria wa mgongoni ni amana: Nasaha kwa wapanda bodaboda

Kila sifa njema ni ya Allah (SW), aliyetutiishia vipando tukasafiri bila ya kuchoka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, simama Ijumaa yoyote nje ya msikiti wa Kariakoo, Magomeni au Temeke, robo saa kabla ya khutba. Utaziona pikipiki zinavyoingia kwa kasi, zikipenya katikati ya daladala. Nyingi zimepakia 'mishkaki', yaani abiria wawili nyuma ya dereva. Kanzu zimekunjwa mapajani na vichwani mna kofia za kiua. Ile kofia ngumu imetundikwa kwenye usukani. Ukiuliza, utajibiwa kuwa tunawahi Ijumaa.

Mimi nasema kuwahi kwa namna hii si katika Sunna. Mtume (SAW) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba tuiendee Swala kwa utulivu, tutakachokidiriki tukiswali na kilichotupita tukikamilishe. Ikiwa anayetembea kwa miguu yake mwenyewe amekatazwa kukimbilia Swala, vipi yule aliyebeba nafsi ya mwenzake mgongoni?

Hebu tumwangalie Mtume (SAW) mwenyewe, kwani alipakia watu nyuma yake mara nyingi. Muadh bin Jabal na Abdullah bin Abbas ni miongoni mwao. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alimpakia Usama bin Zayd kutoka Arafa hadi Muzdalifa. Jabir anasimulia katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alivuta hatamu ya ngamia wake Qaswaa mpaka kichwa chake kikakaribia kugusa tandiko, huku akiwaashiria watu kwa mkono wa kulia wawe watulivu. Kila alipofika kwenye kilima cha mchanga alilegeza hatamu kidogo ngamia apande. Usama naye ameeleza kuwa alikwenda mwendo wa wastani, na alipopata nafasi wazi ndipo alipoongeza. Huyo ndiye dereva mwenye akili. Anaitazama njia, anamjua anayembeba, na hasukumwi na kelele za walio nyuma.

Dereva wa bodaboda, sikiliza hesabu hii. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa sekunde moja. Kabla hujakanyaga breki, tayari umeshafika mbali. Na ukizidisha mwendo mara mbili, masafa ya breki yenyewe huwa mara nne. Ukipakia mtu, uzito umehamia nyuma. Gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unalegea, na kona uliyoizoea ukiwa peke yako sasa inataka mwendo mdogo. Kwa hiyo kagua upepo wa tairi la nyuma na shokapu kabla ya kazi, acha nafasi kubwa kati yako na gari la mbele, shika breki mapema na kwa ulaini, na usiondoke mpaka abiria amekwambia kuwa amekaa sawa.

Nawe abiria usidhani kuwa ni mzigo tu usio na wajibu. Panda baada ya dereva kuweka miguu yake miwili chini. Kaa karibu naye, miguu juu ya vikanyagio hata mnaposimama kwenye foleni, na ndama ya mguu iwe mbali na bomba la moshi. Kwenye kona fuata mwili wa dereva, usijivute upande wa pili kwa woga. Simu iache mfukoni. Na ukimwambia kijana "kaza mwendo, nimechelewa", ujue umeshiriki katika litakalotokea.

Dada zetu wana mtihani wao. Wengi hukaa upande ili kujisitiri, na ukaaji huo huwaangusha kwa urahisi pikipiki inapopita kwenye tuta. Avae suruali pana ndani ya baibui akae kwa kutanua miguu, akusanye pindo na ushungi visifike kwenye mnyororo na gurudumu, na ashike chuma cha nyuma ya kiti badala ya kiuno cha asiye maharimu wake. Dereva naye akumbuke kisa cha Anjasha, ambaye uimbaji wake ulikuwa ukiwatia mbio ngamia waliobeba wanawake. Mtume (SAW) alimtaka aende taratibu, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo.

Wapo watakaonijibu kuwa hata Mtume (SAW) aliwahi kupanda mnyama mmoja na wengine wawili. Ni kweli. Abdullah bin Jaafar amesimulia kuwa Mtume aliporudi safari alimpakia yeye mbele, na mmoja wa wajukuu zake nyuma, wakaingia Madina watatu. Lakini hao walikuwa watoto wadogo, na wanazuoni, akiwemo Imam Nawawi, wameshurutisha mnyama awe anaweza kuwabeba. Pikipiki ina kiti cha abiria mmoja, na sheria ya nchi inataka hivyo hivyo. Mishkaki haina dalili hapo.

Jambo linaloniuma zaidi ni pale maiti anapolazwa tukasema "kudra ya Mungu", tukafunga mjadala. Kudra tunaiamini. Lakini yule bedui aliyeuliza kuhusu ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Uchunguzi wa kitabibu umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya mpanda pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kofia hiyo ndiyo kamba ya ngamia wetu. Kama inanuka jasho la wengine, vaa kitambaa chepesi ndani yake, na ile ya kiua iweke mfukoni uivae msikitini.

Tena jambo hili lina hukumu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, liliamua kuwa kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, anayeua muumini kwa kukosea ana diya kwa wafiwa, na asiyepata mtumwa wa kumwacha huru atafunga miezi miwili mfululizo. Ni madereva wangapi wamewahi kuambiwa haya?

Nawaomba maimamu wayaseme kwenye mimbari. Kamati za misikiti ziwaite vijana wa vijiwe vya jirani, wengi wao ni watoto wetu, ziwafundishe na ziwasaidie kupata kofia mbili kwa kila pikipiki. Na wewe msomaji, wiki ijayo toka nyumbani mapema, panda peke yako, vaa kofia, soma dua ya kipando. Kijana akikwambia yupo mwenzako wa kupakia pamoja nawe, kataa. Mama yake anamsubiri arudi, na wako pia.

Wabillahi tawfiiq.