Nani Anafungua Mlango?

Neno la kusoma nyumbani: 2 Samweli 12:1–7

Wiki hii sitaanza na Neno, nitaanza na laptopu yangu. Atakayekasirika akasirike, lakini asome mpaka chini.

Mimi hucheza gemu. Vijana wa mitambo ya sauti wanajua na wamenitunzia siri vizuri, Mungu awabariki. Sizungumzii zile gemu za mpira ambazo watoto wetu wanamalizia pesa ya chakula pale mjini Kitale. Yangu inaitwa Mafia. Ilitengenezwa na kampuni ya Illusion Softworks ya mji wa Brno, huko Jamhuri ya Cheki, ikatoka mwaka wa 2002. Mwaka wa 2020 ilitolewa upya ikiwa na picha safi zaidi, lakini laptopu yangu haiwezi kuibeba hiyo mpya. Nacheza ile ya zamani, watoto wakishalala, sauti ikiwa chini.

Hadithi yake ni hivi. Kuna dereva wa teksi anaitwa Tommy Angelo, katika mji wa kubuni huko Marekani, mwaka wa 1930. Usiku mmoja wanaume wawili wanaokimbizwa wanaingia kwenye teksi yake na bunduki, wanamwambia endesha. Anaendesha. Anawafikisha salama na analipwa bahasha nono. Baadaye maadui wa wale watu wanamtafuta na kumvunjia gari. Sasa atakimbilia wapi? Anakimbilia kwa wale aliowabeba, na tajiri wao, Don Salieri, anampokea kama mtoto. Ndugu zetu wa bodaboda wataelewa haraka kuliko mimi. Huyu mtu hakuamka asubuhi akasema leo nitakuwa jambazi. Alibeba abiria.

Kuna jambo moja kwa hiyo gemu ambalo hunichekesha mpaka leo. Ukipita taa nyekundu, au ukiendesha kasi kuliko inavyoruhusiwa, polisi wanakufuata. Basi mimi, ambaye nimekaa kimya kwenye matatu nyingi za Kitale kwenda Bungoma zikipita magari mengine kwenye kona, najikuta nimesimama kwa taa nyekundu kwa adabu kabisa, nikitoka kuua watu.

Swali ambalo vijana huniuliza ni kama kucheza hivyo ni dhambi. Najua majibu mawili, na yote mawili yametolewa kwa mimbari yetu. La kwanza linasema ni pepo, funga laptopu, tuombe. La pili linasema ni mchezo tu, hakuna aliyekufa, hata kwa ajua mtu humla mwenzake mbegu zote na wakaenda kunywa chai pamoja. Nimewahi kulishika hilo la pili kwa nguvu sana. Nilisema kwamba nikizima mashine hakuna mjane aliyebaki, hakuna damu ya kuosha. Na ni kweli, hakuna. Lakini siku hizi naona majibu yote mawili ni ya mtu anayetaka kumaliza mazungumzo haraka.

Hebu niwaambie kilichonibadilisha.

Nikiwa na zamu ya kuhubiri tawi la Bungoma, huwa naenda Jumamosi na kulala kwa mama mmoja ambaye hukaribisha watumishi. Ameniruhusu niandike haya, ila bila jina lake na bila kijiji. Jumamosi moja nilimaliza kutayarisha mahubiri mapema, nikafungua gemu kidogo. Mama akaingia na chai na viazi vitamu. Badala ya kutoka, akavuta kiti.

“Pasta, hiyo ni sinema?”

“Hapana, mama. Ni gemu. Mimi ndiye naendesha huyu mwenye kofia.”

“Anaenda wapi?”

“Anazunguka na wenzake wakikusanya pesa. Wenye hoteli na baa wanalipa, ndio wasisumbuliwe.”

“Wasisumbuliwe na nani?”

Nikacheka kidogo. “Na hao hao.”

Mama hakucheka. Alitazama skrini, akasema, “Sisi tulikuwa tunaambiwa ni kodi.”

Kwa wale wadogo ambao hawakumbuki, au ambao wazazi wao hawapendi kusimulia: kuanzia 2006 mpaka 2008, huko juu Mlima Elgon, kulikuwa na kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force. Lilianzia kwa ugomvi wa mashamba katika mpango wa makazi wa Chebyuk, watu wakiogopa kufukuzwa. Jina lenyewe lilikuwa la ulinzi. Haikuchukua muda, walinzi wakaanza kutoza watu. Mwalimu alitoa, mwenye duka alitoa, mkulima akiuza mahindi alitoa. Waliokataa au kushukiwa wengine walikatwa masikio, na wengine hawakuonekana tena. Ripoti ya Human Rights Watch ya 2008 ilisema kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Maelfu walikimbia, wengine wakashuka Bungoma, wengine wakaja kwetu Trans Nzoia, wengine wakavuka Uganda. Machi 2008 jeshi lilipanda mlima kwa operesheni ya Okoa Maisha, na kiongozi wa kundi akauawa Mei mwaka huohuo. Hata hao wanajeshi watetezi wa haki waliandika kwamba walitesa wanaume wengi ambao hawakuwa na hatia. Mlima ulipigwa na pande zote mbili.

Huyo mama alikuwa huko na mumewe. Alinieleza polepole, macho yakiwa kwa ile skrini ambapo mwenye kofia alikuwa amesimama tu, maana nilikuwa nimeachilia vitufe. Alisema usiku alikuwa anajua wamefika kabla hawajabisha, kwa sababu mbwa alibweka halafu akanyamaza ghafla. Alisema walikuwa na orodha, na walisoma majina kwa upole kama karani. Mmoja wao alikuwa amemfundisha shule ya Jumapili. Huyo hakuingia ndani. Alibaki mlangoni ametazama viatu vyake.

Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mchezaji yeyote.

“Kwa hiyo gemu, mtu anaweza kucheza akiwa yule mwenye hoteli?”

Nikasema hapana.

“Mbona?”

Nikafikiri. “Labda kwa sababu hangekuwa na kitu cha kufanya, mama. Angekaa tu akingoja.”

“Eh,” akasema. “Ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa tu tukingoja.”

Akachukua kikombe akatoka. Hakunikemea, na hakuniambia nifute. Ingekuwa afadhali angenikemea, ningekuwa na la kujibu.

Nilisomea biashara, wengi mnajua, na wengine hunitania kwamba nahubiri kama mtu anayesoma hesabu za mwaka. Kwa macho ya biashara, Mafia ni kampuni inayouza ulinzi, na ujanja wake wote ni kwamba hatari unayolindwa nayo inatengenezwa na kampuni hiyohiyo. Hilo ndilo lililonivutia nilipoanza kucheza. Mpangilio ni mzuri. Kuna mkubwa, kuna mhasibu, kuna vijana wa kazi, kila mtu anajua nafasi yake. Na niseme ukweli mwingine ambao ni mgumu kidogo: nilipenda kuogopwa. Mchungaji msaidizi hutumwa kununua balbu na kuhesabu viti. Kwa gemu, nikiingia mlangoni watu wananyamaza. Bwana wetu pale mlimani alisema mambo haya hupimwa moyoni kabla hayajafika mkononi, na mkono wangu ulikuwa safi kabisa, umeshika kipanya tu.

Mtasema, si hata Biblia ina hadithi za mauaji? Inazo, na nyingine ni mbaya kuliko gemu yangu. Lakini angalia vile nabii Nathani alifanya alipoingia kwa Daudi. Daudi alikuwa amechukua mke wa mtu na kumuua mwenyewe. Nathani angeweza kumsimulia hadithi ya mfalme, Daudi angejiona ndani yake na kujitetea. Badala yake alimpeleka kwa nyumba ya maskini mwenye kondoo mmoja, yule anayekula sahani moja na watoto. Kwa dakika chache Daudi alikuwa ndani ya ile nyumba, mlango ukibishwa. Ndio maana alikasirika mpaka akajihukumu mwenyewe bila kujua. Hadithi ilimvusha upande wa pili wa mlango.

Gemu yangu haivushi mtu. Nakubali, ina huruma ndani yake. Kuna mahali Tommy anatumwa amuue Frank, mhasibu wa kundi, ambaye amewapa serikali vitabu vya hesabu, naye anamwachilia aondoke na familia yake. Nilipofika hapo nilitokwa na machozi, mimi na biashara zangu. Lakini haikuwa huruma yangu. Waandishi waliiandika, mimi nilibonyeza vitufe. Na hata hapo nilikuwa bado ni yule mwenye bunduki anayeamua kama atasamehe. Hizo saa zote nilizocheza, sijawahi kuwa mtu anayesikia mbwa amenyamaza.

Jumatatu nikarudi Kitale. Kati ya Kamukuywa na Kiminini, nimebanwa dirishani, nikakumbuka kitu ambacho sikutaka kukikumbuka.

Mnajua mimi ndiye nasimamia ahadi za ujenzi. Orodha iko kwangu. Mimi ndiye hutuma ule ujumbe wa simu wa kila mwisho wa mwezi unaoanza na “Mpendwa mshirika” na kumalizia na salio. Mwaka jana nilianza kutembelea nyumba za waliochelewa, mimi na wazee wawili, tumevaa vizuri. Niliita ziara za kutiana moyo. Nyumba moja tulibisha, mtoto wa miaka kama sita akafungua nusu, akasema mama hayuko. Nyuma yake niliona kitambaa cha kichwa kikipita haraka kuelekea jikoni. Mzee mmoja akanitazama. Mimi nikamwambia mtoto, kwa upole kama karani, amwambie mama kwamba Pasta alikuja kuhusu ile ahadi.

Hakuna sikio lililokatwa, najua. Yule dada aliahidi mwenyewe, mbele ya watu, akishangilia. Sijilinganishi na watu wa msituni, na nyinyi msinilinganishe nao. Lakini mtoto alikuwa amefundishwa cha kusema. Maana yake kuna jioni ndani ya ile nyumba walikaa wakazungumza juu yangu, wakapanga. Mimi nilikuwa nimeandika kwa ripoti: “Hatukumpata.”

Kule Palermo, Sisilia, Mafia yenyewe ilikotoka, kulikuwa na padri anaitwa Pino Puglisi. Nyinyi mnaoguna nikitaja padri, vumilieni mistari michache. Mtaa wake, Brancaccio, ulikuwa wa Mafia, na watoto walikuwa wanachukuliwa kufanya kazi zao. Yeye akafungua kituo cha watoto mwaka wa 1993, wawe na mahali pa kwenda. Mwaka wa 1991, katika mji huohuo, mfanyabiashara Libero Grassi alikuwa ameuawa kwa kukataa hadharani kuwalipa. Tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56, padri naye akapigwa risasi mlangoni kwake. Nimemfikiria sana huyu mtu. Alikuwa na kanisa, na bila shaka na mapaa ya kutengeneza kama sisi. Lakini watu wa mtaa walikuwa wanajua yuko upande gani wa mlango.

Nimezungumza na Mchungaji wetu kiongozi. Ziara za ahadi zimesimama. Ujumbe wa simu utaendelea, kwa sababu jengo ni letu sote na mabati hayanunuliwi kwa imani peke yake, lakini hautataja salio la mtu, na aliyelemewa anaweza kuniambia na nitafuta jina lake bila maswali. Kwa yule dada nilienda peke yangu, mchana, bila orodha. Nilibisha, nikarudi nyuma mpaka kwa ua, nikangoja. Alichukua muda mrefu kutoka. Tuliyozungumza ni yetu.

Na gemu? Wengine mnataka kusikia nimeifuta. Sijaifuta. Niliimalizia, kwa sababu mwezi uliofuata nilipokuwa Bungoma mama mwenyewe aliniuliza, akichambua mboga, “Yule dereva wako alifika wapi?”

Nikamweleza. Mwishowe Tommy alienda kwa polisi akasema yote, tajiri wake akafungwa, yeye akapewa jina lingine na nyumba mbali. Miaka ikapita. Siku moja akiwa mzee, ananyunyizia nyasi maji mbele ya nyumba yake, gari likasimama, wanaume wawili wakashuka, wakamuuliza kama yeye ndiye. Wakampiga risasi hapo hapo.

Mama aliacha mboga.

“Na mke wake alikuwa wapi?”

Nikasema sikumbuki. Nikafikiri tena, nikasema sidhani kama walimwonyesha.