Kilabu, Umma na Moshi: Suala la Uanachama Kimaadili

Makala haya yanajadili swali moja: je, watu wanaweza kuikwepa sheria ya umma kwa kujiita wanachama? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya, iliyopitishwa mwaka wa 2007 na kuanza kutekelezwa mwaka wa 2008, inaharamisha uvutaji wa sigara katika mahali pa umma, zikiwemo baa, hoteli na kumbi za burudani, isipokuwa katika sehemu zilizotengwa. Tuchukulie kwamba mwenye baa mjini Embu au Meru anabandika mlangoni maneno 'Wanachama Pekee', kisha anawauzia wateja wale wale kadi. Je, umma umetoweka?

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Katika matumizi ya kila siku nchini Kenya, neno 'kilabu' aghalabu halimaanishi chama. Lamaanisha mahali pa kunywea, ambapo yeyote mwenye fedha huingia. Kwa hiyo kadi inambadilisha mteja jina tu, bila kugusa uhusiano wake na muuzaji.

Mtetezi wa kilabu atadai kwamba watu wazima waliokubaliana hawamdhuru yeyote. Hoja hii ina uzito, nayo ndiyo hutufanya tumwachie mtu nyumba yake. Hata hivyo, inamsahau mhudumu. Yeye yumo mle kwa sababu ya mshahara, na moshi hauulizi kadi. Nchini Uingereza, serikali ilikuwa imependekeza vilabu vya wanachama visamehewe. Wabunge wakakataa Februari 2006, na marufuku iliyoanza England tarehe 1 Julai 2007 ikavijumuisha.

Wameru wana kielelezo kingine cha uanachama. Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, halimpokei kila mtu. Huingiwa kwa kuteuliwa na kwa kutoa ada. Aidha, kijadi ni la wanaume, na hilo lastahili kuhojiwa. Lakini anayeingia huongezewa wajibu: hutarajiwa kuamua migogoro ya walio nje.

Tofauti ya kimaadili iko hapo. Kufunga mlango si kosa. La kuulizwa ni kile ambacho aliye ndani anadaiwa na walio nje. Uanachama uliobuniwa ili kumwondolea mtu deni hilo ni jina tu, na sheria haina sababu ya kuliheshimu.