Mpanda Jiwe Naye Aitwe Kikaoni?

Swali hili lilizuka kijiweni na washikaji wengi wakalicheka. Mtu anayepanda jiwe kwa raha zake ana haki gani ya kuitwa pale matumizi ya ardhi yanapopangwa? Mkulima analima. Mfugaji anachunga. Mchimbaji wa Geita anashuka duarani kwa kamba kutafuta riziki. Huyu mpanda jiwe je? Anapanda, anaitazama Usukuma ilivyotandazwa kama mkeka, anashuka. Basi!

Mimi sikucheka. Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini tu. Sasa umma ni nani? Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inautambua mkutano mkuu, na wajumbe wake ni wakazi waliofikisha miaka 18. Hapo utaona kioja. Anayekijua kilima kuliko wote, pango lenye nyuki, ufa unaotuamisha maji hata kiangazi, ni mtoto mchunga mbuzi wa miaka kumi na miwili. Yeye hapandi kwa raha wala kwa kazi, anapanda kwa vile mbuzi wamepanda. Na kikaoni hayumo.

Shinyanga tunao ushahidi kwamba kusikiliza kunalipa. Zamani, enzi za mkoloni, misitu ilifyekwa kuwafukuza mbung'o, pamba ikafuata, mwisho watu wakaanza kuuita mkoa wetu jangwa. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulipata nguvu ulipoacha kuhubiri miche na kuwauliza wazee. Wazee wakataja ngitili, yale malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wayakute kiangazi. Dagashida zikaweka sheria, sungusungu wakazisimamia. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa vichaka na miti. Aliyesikilizwa pale hakuwa na cheti cha misitu. Alikuwa na ng'ombe.

Upande wa dhahabu mambo ni mengine. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Waliokuwa wakiujua mwamba kwa mikono yao wakawa wavamizi.

Lakini mpinzani wangu ana hoja, tusimpuuze. Atasema mfugaji na mchimbaji wanatetea tumbo. Hata wapagazi wa Kilimanjaro, serikali iliposema mwaka 2019 kwamba inafikiria kuweka magari ya nyaya mlimani, walipinga kwa sababu ya mkate wao. (Naibu waziri aliyelieleza jambo lile, Constantine Kanyasu, wakati huo alikuwa mbunge wa Geita Mjini. Dunia ndogo!) Mpanda jiwe wa raha hana tumbo la kutetea pale. Je, mapenzi matupu ni hoja?

Nasema ni hoja, ila si kwa sababu raha ni kitu kitakatifu. Ngitili ukiiharibu, ukaifunga tena, mvua kadhaa zitakurudishia majani. Jiwe la matale ukilipasua kokoto halioti. Kwa hiyo anayetaka jiwe libaki hasemi kwa niaba yake peke yake. Anawasemea na wale ambao hawajazaliwa, ambao hakuna mtendaji wa kijiji atakayewapigia mbiu waje mkutanoni. Mwenye tumbo ana haraka, na haraka yake ni halali kabisa. Ndiyo maana kikaoni anahitajika mtu mmoja asiye na haraka.

Hata hivyo sitaki aje kijana wa mjini na viatu vyake vya kupandia, akae kiti cha mbele, amfundishe mama anayepasua kokoto juani thamani ya mandhari. Mama yule anafungua shule kwa nyundo: kila karai ni daftari la mwanawe. Akiulizwa, atasema kilima kiishe, mtoto asome. Nami nikiwa mwenyekiti wa kikao hicho nitampa nafasi ya kwanza kuzungumza. Kisha nitamwita yule mchunga mbuzi, hata kama sheria haimtambui, atuoneshe ufa wenye maji uko upande gani, kabla hatujaamua nyundo ianzie wapi.